NGUO ZA PADRE ZIMETOKA WAPI?



Wiki chache zilizopita mama mmoja wa mtaa wetu, aliyenizidi umri kwa miaka mingi, alinijia nyumbani. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake aliyeolewa kwa Wakatoliki, atapewa daraja ya upadre katika Jimbo Katoliki la Singida. Mama huyu ni Mwanglikana tangu ubatizo wake, na katika Umoja wa Akina Mama hakuna asiyemfahamu. Mjukuu amemwomba awepo siku hiyo. Lakini ndugu kadha wa kikundi cha maombi wamemwonya asiende. Wamemwambia kwamba nguo zile za mapadre ni nguo za makuhani wa miungu ya Warumi wa kale, na kwamba anayesimama mbele yake amesimama mbele ya sanamu. Basi akaniuliza, "Mwalimu, nikienda kumwona mjukuu wangu akivikwa, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Nilimjibu kwa maneno machache, kwa maana jua lilikuwa linazama na nyumba yake ni mbali. Mchungaji wetu aliposikia habari hii akaniomba niandike somo zima, kwa kuwa swali hili si la mama huyu peke yake.

Kwanza sina budi kuungama jambo langu mwenyewe. Mwaka 1983 nilipelekwa kusomea ualimu katika chuo kimoja cha kusini. Nilikuwa kijana wa Manyoni, nimelelewa katika kanisa ambalo mchungaji huvaa kanzu nyeupe na skafu nyeusi, basi. Jumapili ya kwanza niliuliza kanisa la Anglikana liko wapi, nikaonyeshwa. Nikaingia nikakaa. Mara nikaona chetezo kinafuka ubani, na nyuma yake kasisi anakuja amevaa vazi pana la kijani lenye msalaba mgongoni. Nikasema moyoni, nimepotea njia, nimeingia kwa Warumi. Nikachukua Biblia yangu nikatoka. Mzee wa mlangoni akanifuata hata chini ya mkorosho, akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?" Nikamjibu, "Hapana, baba, natafuta kanisa la Anglikana." Yule mzee akacheka mpaka akashika tumbo. "Ndilo hilo ulilotoka," akasema.

Sikurudi ndani. Kwa aibu na kwa ukaidi nilisali peke yangu bwenini muhula mzima, nikakosa Meza ya Bwana kwa miezi minne, kwa ajili ya kitambaa ambacho hakuna mtu aliyewahi kunieleza habari zake. Ndiyo sababu naandika somo hili kwa moyo zaidi kuliko masomo mengine niliyowahi kuwaandikia.

Sasa tuanze. Watu wana mawazo mawili juu ya asili ya mavazi hayo. Wengine husema yametoka kwa Haruni, wengine kwamba yametoka kwa waabudu sanamu. Fungueni Kutoka sura ya 28 muyasome mavazi ya Haruni: naivera, kifuko cha kifuani chenye mawe 12, njuga za dhahabu kwenye pindo la joho, kilemba chenye bamba la dhahabu. Kisha linganisheni na anavyovaa padre. Njuga haziko, wala mawe, wala naivera. Ni kweli kwamba baadaye walimu wa Kanisa waliyafananisha haya na yale ili kufundisha, lakini kufananisha si kuzaa.

Ukweli ni mwepesi kuliko mawazo yote mawili. Mavazi ya padre yalikuwa nguo za watu wa kawaida katika dola ya Kirumi. Kwa karne za kwanza aliyeongoza ibada alivaa kama mtu mwingine yeyote mwenye heshima zake, labda nguo iliyo safi zaidi. Mwaka 428 Papa Celestino wa Kwanza aliwaandikia maaskofu wa kusini ya nchi ambayo leo ni Ufaransa, akawakemea baadhi yao kwa kuanza kuvaa mavazi ya pekee. Aliwaambia kwamba mchungaji atambulikane na watu kwa mafundisho yake na mwenendo wake, si kwa nguo zake. Ndiyo, aliyesema hivyo alikuwa Papa wa Roma! Baadhi ya ndugu zetu wa kikundi cha maombi nilipowasomea habari hii walinitazama kana kwamba nimeitunga.

Basi ilikuwaje nguo za kila siku zikawa nguo za ibada? Fikirini kaniki. Wazee wetu waliokuwa watoto kabla ya uhuru wanakumbuka kaniki ikiwa nguo ya kawaida ya mama anayekwenda shambani au kisimani. Baadaye zikaja khanga, vitenge na magauni, kaniki ikaachwa. Leo kijana akimwona mtu amejitanda kaniki huwaza mara moja habari za tambiko na uganga. Kaniki haikubadilika hata kidogo. Wengine wote walibadili nguo, ikabaki kwa wachache na kwa shughuli moja. Ndivyo ilivyokuwa Ulaya. Dola ya Kirumi ilipoanguka upande wa magharibi katika karne ya 5, watu wa kaskazini waliingia na mavazi mafupi na suruali, na watu wa kawaida wakaiga. Makasisi, hasa wakiwa ibadani, walibaki na nguo ndefu za baba zao. Baada ya miaka 200 au 300 hapakuwa na aliyekumbuka kwamba zilikuwa nguo za sokoni.

Twende sasa pamoja na padre katika sakristia, tumtazame akivaa.

Kwanza huweka amikto, kitambaa cha kitani chenye kamba mbili, mabegani na shingoni. Kazi yake ya asili ilikuwa kuzuia jasho lisiharibu nguo za juu, jambo ambalo sisi wa Singida twalielewa bila kufundishwa, hasa mwezi wa Oktoba. Katika sala ya zamani ya kuivaa hufananishwa na ile chapeo ya wokovu ya Waefeso 6. Siku hizi anaweza kuiacha ikiwa alba inafunika nguo zake shingoni.

Alba ni kanzu nyeupe ndefu hadi miguuni. Neno lenyewe kwa Kilatini lina maana ya nyeupe. Ilikuwa kanzu ya Mrumi, na Kanisa likaihusisha na vazi jeupe la ubatizo, tena na wale waliofua mavazi yao katika Ufunuo 7. Kwa hiyo hata mtoto anayehudumia altareni anaweza kuvaa kanzu nyeupe, kwa maana ni vazi la kila aliyebatizwa. Alba hufungwa kiunoni kwa mshipi wa kamba.

Halafu stola. Hapa tutulie kidogo, kwa sababu mkiijua stola mtaweza kusoma daraja ya mtu mkiwa mmekaa benchi la nyuma kabisa. Ni utepe mrefu, mpana kama kiganja, na inaonekana ulianza kuwa alama ya cheo miongoni mwa watumishi wa serikali ya Kirumi. Shemasi huivaa begani upande wa kushoto ikapita kifuani kwa mshazari hadi nyonga ya kulia. Padre huiweka shingoni ikaning'inia pande zote mbili. Kabla ya mabadiliko ya miaka ya 1960 padre aliikutanisha msalaba kifuani, akaifunga kwa mshipi, na askofu pekee ndiye aliyeiacha iteremke moja kwa moja. Wazee waliosoma shule za misheni za Wakatoliki watakumbuka. Watakumbuka pia manipulo, kitambaa kilichoning'inia katika mkono wa kushoto wa padre. Asili yake ilikuwa leso ya mkononi. Tangu mwaka 1967 hakilazimiki tena, na sasa ni nadra kukiona.

Juu ya vyote huja kasula, lile vazi pana lililonitoa mimi kanisani. Jina lake kwa Kilatini maana yake ni nyumba ndogo, kwa kuwa lilimfunika mtu pande zote kama kibanda, na tundu moja la kupitisha kichwa. Lilikuwa koti la safari na la baridi. Warumi waliliita "paenula", nalo lilivaliwa na msafiri, mkulima na askari. Wagiriki walilichukua neno hilo wakalitamka kwa namna yao. Sasa fungueni 2 Timotheo 4, mstari wa 13. Mtume Paulo yuko kifungoni Rumi, anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu. Katika Kigiriki joho hilo limetajwa kwa neno hilohilo. Yaani Paulo alikuwa na vazi la aina ileile ambayo baadaye ikawa kasula, akaliomba kwa sababu ya baridi, wala hakuwazia Misa hata kidogo. Wanaosema vazi hili ni la mashetani wamjibu kwanza Mtume Paulo.

Kwa karne nyingi kasula ilikuwa pana mno, hata padre alikuwa akikunja nguo nyingi mikononi kila alipoinua mikono. Baadaye wakaikata pembeni, wakaitia nakshi nzito za nyuzi za dhahabu, hata ikawa ngumu kama ubao. Nakshi ziliwekwa zaidi mgongoni kwa sababu padre alikuwa akisali akiwapa watu mgongo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturujia, ulitaka katika mambo haya uzuri mnyofu kuliko gharama tupu, ukatoa nafasi kwa desturi za kila nchi. Ndiyo maana leo mnaona kasula pana nyepesi, na nyingine zimepambwa kwa kitenge. Mimi binafsi naona za kitenge zinapendeza kuliko zile zilizokuja na meli.

Shemasi ana vazi lake la nje, dalmatika, lenye mikono na lililonyooka. Jina lake limetoka nchi ya Dalmatia, ng'ambo ya bahari ya Italia. Kopa ni joho refu lililo wazi mbele, huvaliwa kwenye maandamano na baraka. Jina lake la Kilatini lina maana ya koti la mvua. Juu ya askofu mtaona mitra, kofia yenye ncha mbili na kanda mbili mgongoni, nayo si ya kale sana, kwani ilianza kujulikana Roma katika karne ya 11 hivi. Fimbo ya mchungaji haihitaji maelezo katika mkoa wa wafugaji.

Rangi nitazipitia haraka. Nyeupe ni ya Krismasi na Pasaka, zambarau ni ya Majilio na Kwaresima, kijani ni ya majira ya kawaida. Nyekundu ni ya Jumapili ya Matawi, Ijumaa Kuu, Pentekoste na mashahidi. Mpangilio huu ni wa Misale ya mwaka 1970. Kumbukeni tu tarehe 3 Juni. Siku hiyo, mwaka 1886, vijana Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Padre akivaa nyekundu siku hiyo, damu anayoikumbuka ni pamoja na ya kwetu.

Huenda msomaji akauliza, kama nguo hizi hazina ubaya, mbona sisi hatuzivai? Swali ni la haki, na jibu lake si fupi.

Wakati wa matengenezo ya Kanisa katika Uingereza watu hawakugombania kitambaa chenyewe, waligombania maana yake. Kasula ilikuwa imekuwa vazi la padre anayetoa dhabihu altareni, na watengenezaji walishika kwamba dhabihu ya Kristo ilitolewa mara moja tu. Kwa hiyo Kitabu cha Sala cha mwaka 1552 kilikataza mavazi hayo, kikamwachia kasisi kanzu nyeupe ya juu peke yake. Hata hivyo hawakupatana wao kwa wao. Mwaka 1550 John Hooper aliteuliwa kuwa Askofu wa Gloucester, akakataa kuwekwa wakfu akiwa amevaa mavazi ya kiaskofu. Cranmer na Ridley, nao ni watengenezaji wenzake, walimshikilia kwamba nguo si kitu cha kumfanya mtu aasi utaratibu. Hooper akatiwa gerezani mapema mwaka 1551, mwisho akakubali kuvaa, akawekwa wakfu. Miaka minne baadaye, chini ya Malkia Mary, Hooper alichomwa moto kwa ajili ya imani yake. Ridley akachomwa mwaka huohuo wa 1555, na Cranmer mwaka uliofuata. Kabla ya kufa kwao Ridley, akiwa kifungoni, alimwandikia Hooper barua ya upatanisho, akikiri kwamba walikuwa wamegombana kwa mambo madogo. Kila nisomapo habari ya barua hiyo naukumbuka ule mkorosho.

Karne ya 19 mambo yaligeuka. Sasa waliofungwa jela walikuwa makasisi wa Anglikana waliorudisha kasula, mishumaa na ubani. Baada ya sheria ya mwaka 1874 makasisi watano walitiwa gerezani, wa kwanza akiwa Arthur Tooth mwaka 1877. Hatimaye, mwaka 1964, Kanisa la Uingereza liliruhusu kisheria mavazi ya namna zote mbili, likaweka wazi kwamba haliambatanishi fundisho lolote la pekee na tofauti hizo.

Na ugomvi huo ulikuja kwetu ndani ya masanduku ya wamisionari. Pwani na kusini walikuja UMCA, misheni iliyozaliwa kutokana na mwito wa Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Hao walikuwa wa mwelekeo wa Kikatoliki ndani ya Anglikana. Kanisa kuu lao Zanzibar, lililojengwa na Askofu Steere mahali palipokuwa soko la watumwa, limezoea kasula na ubani kwa miaka mingi. Sehemu za kati walikuja CMS, waliofika Mpwapwa mwaka 1876, nao walikuwa watu wa Injili na kanzu nyeupe. Mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Sydney, Australia. Huko Sydney, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1910, kasisi hakupewa kibali cha kazi asipokubali kuacha kasula. Basi mnaona? Dayosisi yetu ya Rift Valley ilizaliwa na Central Tanganyika mwaka 1991, na sehemu kubwa ya desturi tunazodhani ni Injili tupu zilipitia Sydney. Sisemi ni mbaya. Mimi nitazikwa na mchungaji aliyevaa skafu nyeusi, na ndivyo ninavyopenda. Lakini tangu mwaka 1970 sisi na ndugu zetu wa Masasi na Zanzibar ni Jimbo moja la Tanzania, na siku hizi hata wachungaji wengi wa upande wetu huvaa stola za rangi bila mtu kutoka nje.

Jambo moja nitalisema kwa ukali kidogo. Ukitaka kukemea mavazi, pana mahali halali pa kukemea, napo ni gharama. Nimeona michango ya mavazi ya sherehe ikipitishwa kwa wakulima wa alizeti katika mwaka wa njaa, tena si kwa Wakatoliki pekee. Hapo yule Papa wa mwaka 428 angekuwa na neno la kusema.

Namrudia sasa mama yetu. Nilimjibu kwamba aende, wala hatakuwa ametenda dhambi. Nilimweleza pia atakayoyaona, nanyi mtakaomsindikiza mshike yaleyale. Mjukuu ataingia akiwa shemasi, stola yake ikiwa ya mshazari. Atalala kifudifudi wakati wa litania. Kisha askofu ataweka mikono kichwani pake bila kusema neno, na mapadre wote watafuata mmoja mmoja, na hapo kanisa zima hunyamaza kimya. Baada ya sala ya kuwekea daraja, ile stola itageuzwa, itanyooshwa shingoni iteremke pande zote mbili, naye atavikwa kasula. Halafu viganja vyake vitapakwa mafuta ya krisma. Katika upadrisho mmoja niliohudhuria, wazazi ndio walioileta kasula mbele ikiwa imekunjwa. Wakati wa Komunyo Wakatoliki kwa kawaida hawawapi Waanglikana, basi mama na akae kitini pake kwa utulivu, asione haya. Wala asitoke nje.

Ibada hizo huchukua saa tatu, hata nne. Mchukulieni mama maji na mwavuli, na mwende mapema mpate nafasi upande wa kulia, ambako atamwona vizuri mjukuu wake stola ikigeuzwa.